Jamii ni nani? Jamii ni mama yangu

Leo sitaandika siasa. Mliozoea kuja hapa kusoma vituko vya Bunge na vya wahariri wangu mnisamehe, huko nitarudi wiki ijayo. Leo kuna neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na neno lenyewe ni JAMII.

Wiki iliyopita ofisi ilinituma kwenye semina ya afya ya akili, hoteli moja hapa mjini. Mnazijua semina hizo: maji ya chupa, begi lenye nembo, chai ya saa nne na sambusa mbili. Mtoa mada akasimama, suti imemkaa, akasema dunia sasa inaachana na habari ya kuwafungia wagonjwa wa akili kwenye mahospitali makubwa. Akasema jamii ina nafasi kubwa. Jamii iwapokee. Jamii iwahudumie. Jamii isiwanyanyapae. Nikaanza kuhesabu kwa kuchora vijiti kwenye daftari. Kwa dakika ishirini alitaja jamii mara thelathini na moja. Neno bajeti hakulitaja hata mara moja. Tukapiga makofi, tukapewa nauli, nikarudi ofisini nikaandika aya nane zenye kichwa "Jamii yatakiwa kuwahudumia wagonjwa wa akili". Ikatoka ukurasa wa saba, chini ya tangazo la mnada wa magari.

Habari ile ilikuwa ya uongo. Sikumnukuu mtu vibaya, na kila nilichoandika kilisemwa. Lakini mwandishi aliyeiandika anaifahamu hiyo jamii, na hakuwaambia wasomaji wake. Naifahamu kwa sura na kwa sauti. Ina miaka 56, ina presha, inaamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati, na huniita mwanangu. Jamii ni mama yangu.

Haya ninayoandika sasa sijawahi kuyaandika popote. Kaka yangu ana ugonjwa wa akili. Pale ofisini tunakula pamoja mchana watu watano, mwaka wa nne huu, na hakuna hata mmoja anayejua. Wakiuliza, nasema kaka yupo mkoani.

Alianza akiwa mwaka wa pili chuoni. Kwanza usingizi ulipotea, tukasema ni mitihani. Kisha akaacha kula chakula alichopika mtu mwingine. Kisha akatuambia watangazaji wa redio wanamsema yeye, tena kwa jina, na akawa anaikalia redio usiku kucha akiwajibu. Madaktari wanauita skizofrenia. Mtaani wana majina yao: chizi, kadata, netiweki imekata. Na lile kubwa kuliko yote, "mtu wa Milembe", yaani hospitali ya Mirembe iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927 enzi za Mwingereza, ambayo jina lake tumeligeuza tusi na karibu miaka mia baadaye bado tunacheka.

Tulipita njia wanayopita wengi. Mganga, kisha maombi, kisha hospitali. Wasomi wenzangu hupenda kuwacheka wanaoanza kwa mganga. Mimi siwacheki tena. Mganga alitula mbuzi wawili na pesa ya ada ya mdogo wangu, lakini saa nane za usiku tulipobisha, mlango wake ulifunguka. Mchungaji naye alifungua. Zahanati yetu ilikuwa imefungwa tangu saa tisa alasiri, na hata ingekuwa wazi, hapakuwa na mtu wa kujua afanye nini.

Tulipofika hospitali, baada ya karibu miaka miwili, alilazwa wiki tano. Na akarudi. Nasema akarudi kwa maana zote mbili. Siku ya kutoka aliniuliza Yanga wanacheza lini. Nilitoka nje nikalia.

Kwenye karatasi aliyotoka nayo, chini ya majina ya dawa, mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka: aendelee na matibabu akiwa katika jamii. Mama aliniomba nimsomee mara mbili. Alidhani kuna watu watakuja.

Hakuna aliyekuja. Kliniki ilikuwa daladala tatu kwenda na tatu kurudi, na siku ya kliniki ni siku ambayo chapati haziuzwi. Mara dawa zipo, mara "kanunueni nje". Dawa zenyewe zilimfanya alale kama gogo, mikono ikatetemeka, akanenepa, watoto wakaanza kumtania. Akasema amepona, hazitaki. Hapo ndipo huanza ule msimu ambao kila familia yenye mgonjwa wa namna hii inaujua: siku ya kwanza bila dawa hakitokei kitu, ya kumi vilevile, mnaanza kuamini labda kweli amepona. Halafu usiku mmoja redio inawashwa.

Wiki hiyo alivunja kioo cha pikipiki ya kijana wa bodaboda. Ndipo serikali ya mtaa ikafika kwetu kwa mara ya kwanza: mwenyekiti na vijana wawili wa ulinzi shirikishi, kutuambia tumwondoe kabla watu hawajamfanyia kitu kibaya. Na ni kweli wangemfanyia. Mgonjwa wa akili asiyetibiwa tunamwogopa, ila mara nyingi yeye ndiye anayepigwa, anayebakwa, anayeitiwa mwizi usiku.

Basi usiku ule alitaka kutoka kwenda barabara kuu, miguu peku. Mama alishika mlango. Mimi na binamu yangu tukamshika yeye. Kamba niliifunga mimi. Ilikuwa kamba ya katani tuliyokuwa tunaanikia nguo. Nina shahada ya chuo kikuu, nimehudhuria semina za haki za binadamu na vyeti ninavyo, na nilimfunga kaka yangu kwenye mguu wa kitanda kwa siku tatu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuwafunga wagonjwa ni ujinga wa watu wa vijijini, huwa namtazama tu.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo lilipo neno langu.

Baada ya hapo tulipata miaka miwili na nusu ya amani, na iliyoileta haikuwa miujiza. Nyumba ya nne kutoka kwetu alihamia nesi mstaafu. Aliposikia kelele za usiku mmoja, asubuhi alikuja, akamsalimia Mama, akakaa kwenye kigoda, akauliza anatumia dawa gani. Alitusindikiza kliniki, akazungumza na daktari, kaka akabadilishiwa vidonge vya kila siku kwa sindano ya mara moja kwa mwezi. Sindano hiyo nesi akawa anakuja kumchoma nyumbani. Kila mwezi alikaa dakika ishirini. Alimuuliza analalaje, mikono inatetemeka kiasi gani, anakula nini. Alimfundisha Mama dalili tatu za kuangalia. Mtaa mzima ulimwona akiingia na kutoka kwetu bila woga, na taratibu watu wengine nao wakaanza kuingia.

Mmoja wao alikuwa fundi seremala wa pale kona. Alimchukua kaka kupiga msasa. Mwanzoni saa mbili kwa siku, akimlipa chai na elfu mbili. Baada ya mwaka kaka alikuwa anatengeneza stuli, nzima, miguu haiyumbi. Mama anayo moja, ndiyo anayokalia kukaanga chapati.

Nesi, seremala, sindano, dakika ishirini kwa mwezi. Hicho ndicho mtoa mada wangu alikuwa anakiita huduma ya jamii, na kinafanya kazi. Nimekiona kwa macho yangu.

Halafu nesi akahamia kwa wanawe Morogoro. Ana haki, ni mzee na hakuwa analipwa na mtu. Miezi minne baadaye tulikuwa tena tumeshika mlango.

Nauliza: ni nchi gani inayoweka matibabu ya mtu kwenye bahati ya nani kahamia nyumba ya nne? Bahati si sera. Na jamii isiyo na dawa, isiyo na mshahara, isiyo na mtu wa kubisha hodi, si huduma. Ni jina zuri la kumtupia mzigo mwanamke mmoja na kumpigia makofi.

Najua mtakachonijibu. Wengi wenu mtasema sisi Waafrika tuna undugu, hatutupi watu wetu kama Wazungu. Jamani. Simu yangu sasa hivi ina ujumbe wa kamati tatu za harusi. Singo 50,000, dabo 100,000, na mweka hazina anakumbusha kila Ijumaa kama mkopo wa benki. Tuna kamati ya harusi, kamati ya kipaimara, kamati ya msiba, daftari, mwenyekiti, vikao vya Jumapili baani. Kwa hiyo kuandaliana tunajua, na pesa huwa zinapatikana. Je, umewahi kupokea ujumbe wa kamati ya kumsaidia mtu aliyetoka wodi ya akili? Mimi sijawahi. Na siwezi kukulaumu, maana hata mimi niliyekuwa na mgonjwa ndani sikuthubutu kuutuma. Wahenga walishatuona zamani: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa kichwani kwa mwingine, unaonekana mwepesi kabisa.

Wengine mtasema mimi natetea mahospitali makubwa, nataka watu wafungiwe. Hapana. Nimeona wodi, sitaki kaka yangu azeekee mle. Ninachokataa ni hesabu ya ujanja: unafunga mlango wa hospitali, unaandika "jamii" juu yake, na pesa haziendi popote alikokwenda mgonjwa.

Afrika Kusini waliifanya hesabu hiyo, na matokeo yake yapo mbele ya dunia nzima. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Gauteng ilitangaza kuvunja mkataba na Life Esidimeni, kampuni binafsi iliyokuwa ikilipwa na serikali kuwatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu. Sababu zilipendeza masikioni: kupunguza gharama, na kuwarudisha wagonjwa katika jamii kama sera inavyotaka. Mwaka 2016 wakahamishwa wagonjwa zaidi ya 1,400. Wengi walipelekwa kwenye asasi ndogo ndogo ambazo nyingi hazikuwa na wauguzi, wala chakula cha kutosha, wala leseni halali. Watu 144 walikufa, na uchunguzi ulikuta njaa, kiu, baridi na kukosa dawa. Familia nyingine zilitafuta ndugu zao kwa miezi bila kujua wamepelekwa wapi. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alisikiliza shauri lao, na mwaka 2018 akaamuru walipwe fidia. Someni ushahidi wa mama wa wale marehemu, halafu mrudi mniambie neno jamii ni neno la upole.

Wala si kwamba sisi hatujawahi kujaribu vizuri zaidi. Lambo, yule daktari wa akili wa Nigeria, alianzisha mpango wa Aro, Abeokuta, mwaka 1954: wagonjwa wakaishi vijijini pamoja na ndugu wa kuwatunza, wakalima, na hospitali ikawa jirani. Hapa kwetu, baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania ikawa na vijiji vyake vya wagonjwa wa akili. Hombolo kwa upande wa Mirembe, Vikuruti kwa upande wa Muhimbili. Watu walilima, wakapata dawa, wakajizoeza maisha kabla ya kurudi kwao. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, ukaja mpango wa kuingiza tiba ya akili kwenye vituo vya afya vya kawaida, ukianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Wazo lilikuwepo na watu wa kulitekeleza walikuwepo. Halikukua likawa haki ya mgonjwa wa kila wilaya. Kila kizazi cha maofisa kinaligundua upya, kinalifanyia semina, kinanywa chai.

Haya, tuje kwenye jibu la mwisho, lile linalotolewa kwa sauti ya huzuni: hatuna pesa, hatuna wataalamu.

Kuhusu wataalamu, ni kweli. Sensa ya 2022 ilitukuta tuko zaidi ya milioni 61, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchi nzima hawafikii hata nusu ya idadi ya wabunge. Lakini nesi wetu hakuwa bingwa, na seremala ndiyo kabisa. Ethiopia walilifanyia utafiti jambo hilohilo katika wilaya ya Sodo: watu 166 wenye skizofrenia, wengine wakapata tiba ya kituo cha afya peke yake, wengine wakaongezewa mtu wa kuwatembelea nyumbani, mkazi wa kawaida asiye na taaluma ya tiba, aliyefunzwa kwa wiki chache. Matokeo yalichapishwa 2022. Baada ya mwaka mmoja, waliotembelewa walikuwa wanajimudu katika maisha vizuri zaidi kwa mujibu wa ndugu zao. Zimbabwe nako, Dixon Chibanda aliwaweka bibi za watu kwenye mabenchi nje ya kliniki za Harare kuwasikiliza wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti wa 2016 ulionyesha nusu mwaka baadaye dalili zimepungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Ugonjwa wa kaka yangu ni mwingine, benchi peke yake lisingemtosha. Lakini somo ni moja: anayetembelea, anayesikiliza, anayekumbusha, si lazima awe bingwa. Lazima awepo, afunzwe, na alipwe.

Na hapahapa nyumbani, Muhimbili na Mbeya, watafiti wamejaribu mpango unaoitwa Kuwezeshana Kupata Uzima, KUPAA kwa kifupi. Wanaketisha wagonjwa na ndugu zao pamoja, familia kadhaa kwa mara moja, wafundishane ugonjwa, dawa, na namna ya kutatua matatizo ya nyumbani. Ningetoa nini Mama angepata mama mwenzake mmoja tu wa kumwambia "hata wangu alianza hivyo".

Kuhusu pesa, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema serikali kwa wastani hutenga kama asilimia 2 tu ya bajeti za afya kwa afya ya akili, na katika kila dola tatu za hizo kidogo, mbili huishia kwenye hospitali kubwa za magonjwa ya akili. Maana yake jamii, ile iliyotajwa mara thelathini na moja, ndiyo inayogombea makombo.

Lakini msiniambie haiwezekani, kwa sababu mambo haya tumeshayafanya kwa ugonjwa mwingine. Nyie mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka, tulivyowaita wenye virusi vya UKIMWI: kakanyaga miwaya, ana ngoma. Watu walitengewa sahani. Leo? Kuanzia 2004 dawa zikaanza kutolewa bure. Zikasogezwa hadi vituo vya karibu. Mgonjwa ana kadi na namba. Asipokuja siku yake, kuna mtu kazi yake ni kumtafuta. Kuna WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi wenyewe, wanaokaa na mgonjwa mpya na kumwambia mimi hapa, mwaka wa kumi huu. Unyanyapaa haujaisha, ila haukupunguzwa na mabango. Ulipunguzwa na dawa: watu walimwona jirani yao akinyanyuka kitandani na kurudi sokoni. Hicho ndicho seremala alichomfanyia kaka yangu kwa elfu mbili na chai.

Ndiyo maana sitaki tena kusikia "jamii ielimishwe". Jamii imeelimishwa vya kutosha. Sasa iwezeshwe. Na ili msiseme waandishi tunajua kulalamika tu, nataka haya manne:

Moja. Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wanapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya uzazi, lishe, malaria. Vizuri sana. Basi kila mmoja awe na orodha ya wagonjwa wa akili wa mtaa wake, afunzwe dalili za kurudiwa, na atembelee mara moja kwa mwezi. Dakika ishirini. Na alipwe kwa kazi hiyo, asiwe Mama mwingine.

Mbili. Vidonge na sindano ya mwezi vipatikane zahanati, kila mwezi, kama dawa za virusi zinavyopatikana. Kumwambia muuza chapati "kanunue nje" ni kumwambia mwanawe augue.

Tatu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ugonjwa wa akili unaomzuia mtu kufanya kazi ni ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema katika kifungu cha 19 kwamba mtu ana haki ya kuishi katika jamii, na papo hapo unataja huduma za kumsaidia aishi humo. Tunanukuu nusu ya kwanza, ya pili tunaimeza. Nataka kuona kikundi cha mafundi waliotoka wodi ya akili kimepewa mashine ya randa.

Nne, na hili ni letu wanahabari. Tuache picha za watu walio uchi jalalani. Tuache "kichaa" kwenye vichwa vya habari. Na ofisa akisema jamii, tumuulize hapohapo: nani, kwa jina la kazi, kwa shilingi ngapi, kuanzia lini? Mimi niliketi pale na kalamu ya bure mkononi, na sikuuliza. Niliogopa mtu angeniuliza kwa nini nauliza.

Ndiyo maana nimeandika hapa. Nilimsomea Mama kwanza, jana usiku, neno kwa neno. Nilitegemea angekataa, watu watasema. Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchambua maharage, kisha akasema: "Andika, mwanangu. Ila ile ya kamba ukiandika, andika na kwamba ulimfungua."

Nilimfungua. Siku ya nne alfajiri, tukampeleka hospitali kwa teksi ya mkopo. Sasa hivi yuko kwenye sindano tena. Mimi ndiye ninayemsindikiza, nikiomba ruhusa ofisini kwa uongo wa jino. Mwezi ujao sitasema jino.

Na kwa wenzangu wanne wa mezani, ambao najua mnasoma hapa kimyakimya: kaka yangu hayupo mkoani. Yupo Mbagala, kwa Mama. Asubuhi hii amekunywa chai na chapati mbili, na ameenda kwa fundi kuuliza kama kuna kazi.

Haya, nimemaliza. Semeni na nyinyi.